Mfuko mmoja zaidi: kuchagua mapine na kutunza kamio ya koperative



Mwezi wa tisa mvua inarudi na msimu A unaanza. Toka hapo mpaka mwezi wa tano, kamio inayotoka Kavumu kwenda kutafuta mazao haipati njia kavu mara nyingi. Kila koperative yenye kamio yake, ao inayokodi ya mtu, inajua habari hii: pine imepasuka, kamio imelala njiani, ndizi zimeivia ndani ya potopoto, maharagi yamenyeshewa, na mnunuzi wa Bukavu amejaza kwa mwingine.

Tukiuliza ni nani ameua ile pine, wote tunajibu: barabara. Ni kweli, barabara zetu ziko mbaya. Lakini chukua pine iliyokufa, uiangalie vizuri. Kama imelika pande zote mbili na katikati bado kuna meno, ilitembea na hewa kidogo. Kama imelika katikati peke yake, hewa ilizidi. Kama ubavu umekunjikakunjika na ndani mpira umetoka unga mweusi, ilibeba mzigo ikiwa haina hewa ya kutosha. Jiwe linaacha kidonda kimoja chenye kuonekana. Uzito wa kupita kipimo na hewa isiyotosha vinaua polepole, na vyote viwili viko mikononi mwetu, si mikononi mwa serikali.

Ndiyo maana makala hii haiongei na shofere peke yake. Iko ya wanamemba wote, sababu ni sisi tunaosimama kando ya kamio na kusema: «Papa shofere, ongeza hata moja, nafasi bado iko!»

Tuanze na njia, duka linakuja nyuma

Mtu akienda kununua pine bila kujua njia yake, muuzaji njo atamchagulia. Kwanza mukae, muandike njia ambazo kamio inapita kila juma.

Toka Kavumu kushuka Bukavu kupitia Miti na Mudaka, iko barabara ya taifa namba 2, na kuna lami hata kama imeharibika. Toka Miti kupanda Tshivanga, kupita ndani ya Parke ya Kahuzi-Biega na kushuka Bunyakiri mpaka Hombo, iko barabara ya taifa namba 3: milima, pori, mvua nyingi na udongo wa mfinyanzi ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Kuelekea kaskazini, Katana, Kalehe, Nyabibwe na Minova, ni vilima juu ya Ziwa Kivu, udongo na mawe. Na ukikaribia Goma unakuta mawe ya lava yanayokata kama kisu. Halafu kuna vijia vya kuingia mashambani, ambavyo havina namba yoyote.

Kanuni ni hii: uchague pine kwa sehemu mbaya ambayo munapita kila juma. Usichague kwa sehemu nzuri, sababu itakuacha kwenye mlima. Na usichague kwa njia mbaya ambayo munapita mara moja kwa mwaka, sababu utalipa feza nyingi kwa kitu usichotumia.

Kusoma maandishi ya pine

Ubavu wa pine ni kama kitambulisho chake. Tuchukue pine moja inayofungwa sana kwenye makamio madogo: 7.50R16 14PR 122/118L.

- 7.50 ni upana kwa inchi, na 16 ni kipimo cha janti kwa inchi. Usifunge kipimo kingine ati juu «kinaingia».
- R inaonyesha radiali. Kama mahali pa R kuna kistari (7.50-16), ni pine ya nyuzi za kupishana.
- 14PR ni nguvu ya mwili wa pine. Namba ikiwa kubwa, pine inaweza kupokea hewa na mzigo zaidi.
- 122/118 ni uzito. Namba 122 inamaanisha kilo 1,500 pine ikiwa peke yake, kama mbele. Namba 118 inamaanisha kilo 1,320 kwa kila pine zikiwa mbilimbili, kama nyuma.
- L ni mwendo: isipite kilomita 120 kwa saa. Kwetu hiyo si shida.

Tafuta tena namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama haujatembea, zaidi ukilala kwenye jua. Pine inayoonekana mpya, lakini iko na miaka mingi na nyufa ndogondogo kwenye ubavu, si mpya.

Radiali ao ya kupishana? Pine ya kupishana kwa kawaida ina bei ya chini, na ubavu wake mnene unavumilia mawe kwenye njia fupi za mwendo wa pole. Lakini inapata moto haraka kwenye lami na inalika mapema. Radiali inakanyaga chini kwa upana zaidi, inashika vizuri kwenye potopoto na inadumu zaidi, ila ubavu wake ni laini na mawe makali yanaweza kuupasua. Kwa kamio inayoshuka Bukavu kila juma na kuingia ndani pia, radiali ya mwili mgumu mara nyingi inalipa. Lakini musichanganye aina hizi mbili kwenye ekseli moja, na zaidi sana musizifunge pamoja kama mapacha nyuma. Moja itabeba, nyingine itakokotwa, na zote zitakufa.

Meno ya pine

Meno yenye mistari mirefu ya kuzunguka ni ya mbele: yanasaidia usukani na yanatulia kwenye lami. Kwenye mfinyanzi yanajaa udongo na kuwa laini kama chupa. Meno makubwa ya kukata kwa upande ni ya nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma: yanauma potopoto na kujitoa udongo yakizunguka. Yanapiga kelele kwenye lami na yanalika mapema huko, lakini kwa njia ya Bunyakiri njo yanatupandisha. Aina ya tatu ni ya kuchanganya: mistari katikati, meno pembeni. Kwa kamio ya magurudumu sita inayopita lami na udongo, mapine ya kuchanganya mbele na ya meno makubwa nyuma ni mpango mzuri.

Pine ina vibonye vidogo ndani ya mifereji yake. Meno yakifika sawa na vibonye, imekwisha hata kwa lami. Kwa potopoto usingoje hapo. Meno ya nyuma yakishuka chini ya milimita 5, hayashiki tena kwenye mlima wenye kulowa.

Kuhusu mapine ya okazyo na yale ya kuvalishwa mpira upya: yanaweza kufungwa nyuma kama mwili uko mzima. Mbele, hapana. Pine ya mbele ikipasuka kwenye mteremko, usukani unaenda wenyewe. Kabla ya kununua okazyo, itolewe kwenye janti, muangalie ndani kwa mwanga: viraka, waya unaotokeza, mikunjo ya ubavu. Ukiona waya, rudisha.

Hesabu ya mifuko

Hapa njo penye shida kubwa. Tufanye hesabu pamoja na mapine yale ya 122/118.

Mbele kuna mawili: 2 × 1,500 = kilo 3,000. Nyuma kuna manne: 4 × 1,320 = kilo 5,280. Jumla ni kilo 8,280. Lakini hiyo ni pamoja na kamio yenyewe. Tuseme kamio tupu inapima kilo 3,200. Inabaki 5,080, yaani mifuko 50 ya kilo 100.

Ngojeni kidogo. Mzigo haugawanyiki sawa mbele na nyuma. Kwenye kamio ya namna hii, sehemu kubwa inaangukia nyuma. Tuseme kilo 80 kwa kila 100, na kamio tupu ilikuwa tayari na kilo 1,400 nyuma. Mifuko 50 inaleta nyuma kilo 4,000, jumla 5,400: tumepita kipimo. Mifuko 45 inaleta kilo 3,600, jumla 5,000: tuko salama. Kwa hiyo kamio hii ni ya mifuko 45, hata kama nafasi ya kuweka 60 iko.

Sasa watu 12 wanapanda juu ya mzigo. Kwa kilo 65 kila mmoja, ni kilo 780, karibu mifuko 8. Mzigo ukinyeshewa unaongezeka tena. Tena angalia kibao ambacho kiwanda kiligonga kwenye kabini ao kwenye shasi: kama kinaandika uzito mdogo kuliko hesabu ya mapine, fuata kibao. Pine kubwa haifanyi resori wala fre kuwa kubwa.

Jambo lingine la kujua: pine moja ya ndani nyuma ikitoka hewa, mwenzake anabeba mzigo wa zote mbili. Kama kila moja ilikuwa na kilo 1,320, sasa moja iko na 2,640, na uwezo wake peke yake ni 1,500. Unapoteza mapine mawili siku moja. Ndiyo sababu shofere anapaswa kugonga kila pine ya nyuma kwa nyundo ao kijiti kila kituo. Yenye hewa inalia. Isiyo na hewa inajibu «pu». Aangalie pia kama jiwe limekwama katikati ya mapacha, alitoe kabla halijakata.

Hewa

Pima hewa asubuhi, pine ikiwa baridi, kwa kipimo. Mguu si kipimo. Ubavu unaandika uzito wa mwisho na hewa inayoendana nao. Neno SINGLE ni pine ya peke yake, DUAL ni mapacha. Usimamizi wa kPa na bari ni mwepesi: 100 kPa ni bari 1, ile shofere anaita «kilo». Kama imeandikwa PSI, gawanya kwa 14.5: PSI 110 ni bari 7.6.

Usitoe hewa pine ikiwa na moto. Hewa inapanda safarini, hiyo ni kawaida. Ukiitoa, kesho asubuhi pine itakuwa chini ya kipimo, ubavu utakunjika sana, utapata moto na utapasuka. Kofia ya valvu si pambo: inazuia udongo kuingia.

Wengine wanapunguza hewa ili kupanda potopoto. Inasaidia, sababu pine inakanyaga kwa upana. Lakini kwa kamio yenye mzigo na mapine ya mpira wa ndani, ukipunguza sana pine inazunguka juu ya janti na kung'oa valvu. Kama ni lazima, punguza kidogo, tembea pole kwa ile sehemu tu, na urudishe hewa palepale. Kama hamuna kompresa ao bomba la hewa kwenye kamio, musiguse.

Neno kwa vijana wa kwado: janti zenye duara la chuma la kufungia zinaweza kuruka na kuua mtu. Toa hewa yote kabla ya kufungua duara. Wakati wa kujaza, funga janti kwa mnyororo ao uweke duara likiangalia chini, tumia bomba refu, na mtu asisimame wala kuinama juu yake. Pine iliyotembea bila hewa isijazwe hivihivi. Itolewe, ichunguzwe kwanza.

Ukifika kwenye potopoto

Shofere ashuke, atembee kwa mguu, apime kina kwa fimbo. Achague gia ya chini kabla ya kuingia, asibadilishe katikati, aende kwa mwendo ule ule. Magurudumu yakianza kuzunguka mahali pamoja, aache mafuta mara moja: kila mzunguko unachimba shimo na kupeleka ponti ya nyuma chini. Chimbeni mbele ya magurudumu, wekeni mawe na matawi, pakueni sehemu ya mzigo kama inahitajika. Mtu asisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka, wala karibu na kamba inayovuta.

Kwenye mteremko, kama kutoka Tshivanga kushuka, tumia gia ile ile ambayo ungepandia. Fre ikikanyagwa muda mrefu inapata moto na kuacha kushika. Baada ya kuvuka maji, kanyaga fre pole mara kadhaa ili ikauke.

Mvua kubwa ikinyesha, kungoja saa chache kunaweza kuokoa siku tatu. Pale penye bariere ya mvua, tuiheshimu.

Matunzo: nani, lini

Kabla ya kila safari: mafuta ya mota, maji, hewa ya mapine pamoja na ya akiba, bulo za magurudumu, taa, fre. Kama fre ni ya hewa, fungua matangi yatoe maji. Ndani ya kamio kuwe na kriki na ubao wa kuiwekea chini, ufunguo wa magurudumu, beleshi, jembe, mnyororo ao kamba ngumu, na vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu.

Baada ya kubadilisha pine: kaza bulo kwa kuvuka, si kwa kuzunguka, halafu ukaze tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Gurudumu linalotoka lenyewe njiani, mara nyingi lilikosa hii dakika tano.

Baada ya safari ya potopoto: osha chini ya kamio. Udongo uliokauka unaficha jani la resori lililovunjika na bulo zilizolegea. Paka gresi mahali pake, maana maji yameitoa. Kama mlivuka maji ya kina, angalia mafuta ya ponti: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, yabadilishwe kabla ya safari nyingine.

Wakati wa kiangazi: vumbi. Filtre ya hewa ipulizwe toka ndani kwenda nje, isioshwe kwa esanse, ikichoka, ibadilishwe. Mazuti ya bido mara nyingi yana maji na uchafu: yapitishwe kwenye kitambaa safi, na maji yatolewe chini ya filtre ya mazuti. Vidanji ifanywe kwa kilomita zilizoandikwa na kiwanda, si siku mota inapoanza kulia.

Feza ya pine inalipwa kila safari

Koperative nyingi zinanunua pine siku iliyopasuka, kwa deni, kwa bei ya haraka. Afazali kuiweka kidogokidogo. Huu ni mfano tu; wekeni bei zenu. Tuseme mapine sita yanagharimu dola 1,200 na yanatembea kilomita 30,000. Hiyo ni senti 4 kwa kilomita. Safari ya kilomita 100 kwenda na kurudi inakula dola 4 za mapine, hata kama hamuzioni. Mtunza feza aziweke pembeni kila safari.

Sasa, kama kwa kuzidisha mzigo mapine yale yale yanakufa kwa kilomita 10,000, safari ileile inakula dola 12. Ile mifuko ya ziada ilileta kiasi gani? Toeni dola 8 hapo, toeni resori, toeni siku kamio imelala. Fanyeni hesabu hii mbele ya wanamemba wote, kwa namba zenu, kwenye ubao.

Ili hesabu iwezekane, kamio iwe na daftari: tarehe, njia, kilomita, idadi ya mifuko, hewa iliyopimwa, pine iliyobadilishwa na mahali pake. Bila daftari, kila pine inakufa kwa «barabara».

Na barabara yenyewe

Hata barabara inahesabu mifuko yetu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi walifanya jaribio kubwa huko Illinois, Marekani, wakitembeza makamio ya uzito mbalimbali juu ya barabara zilezile. Waliona kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka, uharibifu unaongezeka haraka zaidi: karibu kwa kipeo cha nne. Maana yake, ukizidisha ekseli kwa sehemu moja ya tano, uharibifu unakuwa kama mara mbili. Zile zilikuwa barabara zilizojengwa vizuri. Njia zetu za udongo, zikiwa zimelowa, haziwezi kuwa na uvumilivu zaidi. Shimo ambalo kamio nzito imechimba leo, kesho litakuwa kisima, na kamio yetu wenyewe italala ndani yake.

Basi salongo ya kufungua mifereji kando ya njia, kabla ya mvua ya mwezi wa tisa, ni sehemu ya matunzo ya kamio. Maji yakiwa na njia yake, hayatafuti ya kamio.

Ya kuamua kwenye mkutano ujao

- Idadi ya mifuko ya kamio yetu, iandikwe kwa rangi kwenye mlango. Ikifika hapo, upakiaji unasimama.
- Nani anapima hewa na kusaini daftari kabla ya kamio kutoka. Asiwe shofere peke yake.
- Kiasi cha feza ya mapine kinachowekwa kila safari.
- Siku ya salongo ya mifereji.
- Shofere asiadhibiwe akikataa mfuko wa ziada, hata kama ni wa prezida wa koperative.

Hii ya mwisho isipopita, zingine hazitasimama. Shofere hana nguvu ya kumwambia mama mwenye mfuko mmoja «hapana», kama sisi wote hatujasema kwanza.